Daluga za Mzee

Palikuwa na nchi, msomaji, ambayo jina lake silitaji, si kwa kuogopa bali kwa adabu. Usiitafute kwenye ramani. Na ukihisi umeipata, funga ramani yako polepole, tazama kushoto na kulia, kisha uendelee na shughuli zako.

Katika nchi hiyo watu walikuwa na uhuru kamili wa kusema. Uliandikwa kwenye katiba, na kifungu chake kilieleza kwamba kila raia ana haki ya kutoa maoni yake juu ya mpira wa miguu. Bei ya unga haikutajwa, wala barabara, wala hospitali, kwa kuwa mambo hayo yalikuwa mazuri, na jambo zuri lina haja gani na maoni? Mpira peke yake ndio uliokuwa mbaya. Ubaya wake ulijulikana hadi Serikalini, ukakubaliwa rasmi, ukaundiwa wizara.

Ndiyo maana kila jioni, kwenye kijiwe cha kahawa nyuma ya soko la mitumba, watu wazima walibishana mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Aliyekuwa na mishipa minene kuliko wote ni Mikidadi Lugome, mtunza stoo wa Idara ya Maji. Idara yenyewe haikuwa na maji, kwa hiyo Mikidadi alipata nafasi ya kutosha ya kukifikiria kikosi cha taifa.

Na kikosi kilihitaji kufikiriwa. Kila ofisi ya Serikali ilitoa mchezaji mmoja ili pasiwe na manung'uniko. Idara ya Ushuru ilitoa kiungo mkabaji, kwa kuwa kukaba ndiyo kazi yao. Wizara ya Fedha ilitoa straika, kwa kuwa hakuna waliowazidi kwa chenga. Kuhusu usajili, winga wetu bora aliuzwa nje ya nchi kwa sherehe kubwa, na mwezi uliofuata tukamsajili winga wa kigeni ambaye alikuwa ni yule yule, ila amefuga ndevu. Timu ya Vijana nayo ilikuwa na nahodha hodari sana. Alikosa mechi moja tu msimu mzima, na hiyo ni kwa sababu alikwenda kumwoza mjukuu.

Golini alisimama Zuberi Kolowa. Huyu alikuwa golini tangu Mikidadi yuko darasa la pili, na kwa sababu ya umri wake mashabiki walimwita Mzee. Lilikuwa jina la utani tu, la mpira, na halikuwahi kumdhuru mtu.

Jioni ninayoisimulia, nchi jirani ilikuwa imetoka kutufunga mabao saba.

"Saba," alisema Chembera, fundi redio, rafiki wa Mikidadi tangu utotoni. "Hata nyumbani kwangu hawaingii wageni saba kwa wiki."

"Mnawalaumu mabeki bure," Mikidadi akasema. "Tatizo ni kwamba hatulei vipaji. Yuko kipa pale timu B, Chilumba, kijana mdogo, mikono kama mapanga ya feni. Anafanya nini? Anabeba chupa za maji. Kipa hukomaa kwa kufungwa, bwana, hakomai kwa kubeba chupa."

"Nchi jirani si walimtaka?"

"Walimtaka, tukakataa, tukasema ni hazina ya taifa. Kisha hazina tukaikalia."

"Lakini Mzee ana uzoefu," mtu mmoja akatia neno.

"Uzoefu wa nini? Wa kuokota mipira nyavuni?"

Watu wakacheka. Kicheko kwa mtu kama Mikidadi ni sawa na kuni kavu jikoni. Akasimama, kikombe mkononi, akavuta pumzi.

"Miaka yote hii yupo pale pale," akasema. "Mguu hauendi, jicho halioni, na hakuna mwenye ubavu wa kumwambia. Waliomzunguka wanampigia makofi kwa kuwa na wao wanakula hapo hapo. Mimi nasema wazi, anayetaka akasirike: Mzee atundike daluga, awaachie vijana."

Safari hii hakucheka mtu. Muuza kahawa aliweka birika chini taratibu, kana kwamba lina mtoto aliyelala. Chembera akatazama vidole vya miguu yake. Mikidadi akabaki amesimama, asijue kwa nini kijiwe kizima kimekuwa kama msiba, mpaka masikio yake yalipoyasikia maneno yale upya, moja baada ya jingine. Ndipo jasho jembamba likamtoka.

Kwani kuna jambo dogo nililosahau kukuambia, msomaji. Mtawala wa nchi ile, Baba wa Wote, Mlezi wa Mvua na Kaka Mkubwa wa Jua, aliitwa kwa heshima na kwa ufupi Mzee.

Pale kijiweni palikuwa na mtu mmoja asiyekuwa na timu. Aliitwa Nyange. Alikuja kila siku, akanywa kahawa, akala kashata, na hakuwahi kufurahi wala kuhuzunika kwa goli lolote. Mtu asiye na timu katika nchi ile alijulikana kazi yake. Nyange alimaliza kutafuna, akajifuta midomo, akaaga kwa upole na kuondoka zake.

"Nilimaanisha kipa," Mikidadi akaita nyuma yake. "Bwana Nyange, nilimaanisha kipa."

Nyange hakugeuka. Pengine alikuwa na haraka.

*

Nyumbani, mkewe Mwanakombo alimsikiliza akiwa amesimama na mwiko mkononi.

"Ulisema Mzee au ulisema kipa?"

"Nilisema Mzee. Lakini Mzee yule kipa."

"Na ukasema jicho halioni?"

"Nilisema."

"Na waliomzunguka wanakula hapo hapo?"

"Na hilo nalo nilisema."

"Baba Rukia," Mwanakombo akasema, "umebakiza nini?"

Hakulia. Wanawake wa nchi ile walikuwa wameshapita hatua hiyo. Aliepua sufuria, akaingia chumbani, akatoka na sweta, mswaki na shuka jepesi, akavifunga pamoja na kuviweka karibu na mlango. Alifanya hivyo kama mtu anayetayarisha chakula cha safari, na Mikidadi alipoona ile mikono inavyokunja shuka kwa ustadi, akaogopa zaidi kuliko alipokuwa kijiweni.

Nisije nikakupa picha mbaya. Nchi ile haikuwa na mfungwa wa maneno hata mmoja, na wageni waliokuja kukagua waliondoka wameridhika. Mtu akichukuliwa hakukamatwa. Alikwenda kwa mkopo, kama mchezaji anavyokwenda kwa mkopo katika timu nyingine ili apate mechi. Mwalimu wa jiografia wa mtoto wao Rukia alikwenda kwa mkopo baada ya kuchora ramani ya nchi ndogo kuliko ilivyotarajiwa. Shemeji yake Chembera alikwenda kwa mkopo. Timu iliyowakopa haikupata kujulikana, na msimu ulikuwa hauishi.

Kila gari lililopita mtaani, Mikidadi alisimama. Likishapita, alikaa. Mwanakombo akamwambia ale, akaweka tonge mdomoni, nalo likagoma kushuka. Hakuogopa kwa ajili yake mwenyewe tu. Alimtazama Rukia akipiga danadana uani kwa mpira wa makaratasi, akajiuliza mtoto ataambiwa nini shuleni, na nani atataka kukaa naye dawati moja.

"Kwani huwezi kunyamaza?" Mwanakombo akamwuliza ghafla. "Maisha yako yote, kwani huwezi?"

"Waliruhusu mpira," Mikidadi akajibu kwa sauti ndogo. "Waliruhusu mpira tu, Mwanakombo. Nikafikiri huo ni wetu."

*

Asubuhi walikuja vijana wawili wenye adabu kupita kiasi. Walivua viatu mlangoni, wakamwamkia Mwanakombo, wakamweleza Mikidadi kwamba anaalikwa chai. Mmoja wao akambebea kile kifurushi chenye sweta bila kuombwa.

Chai ilikuwa katika Idara ya Usalama wa Lugha. Mikidadi alipokelewa na Kamishna Sendaro, mtu mnene mwenye sauti ya kubembeleza, na kando yake alikaa Profesa Makubi, bingwa wa viambishi. Kwenye kona alikuwepo Nyange. Vikombe vya chai vilikuwepo, na chai ilikuwemo, lakini hakuna aliyekunywa.

"Ndugu Lugome," Kamishna akaanza, "sisi hatuna ugomvi na mpira. Sote ni wapenzi wa mpira. Tuna swali la sarufi tu. Jana ulisema Mzee atundike, au ulisema Mzee atundikwe?"

Mikidadi alihisi sakafu inamkimbia.

"Atundike, Mheshimiwa. Atundike daluga. Ni msemo. Mchezaji akistaafu, akaacha viatu vyake vya mpira, husemwa ametundika daluga."

"Profesa?"

Profesa Makubi akakohoa. "Ukisema atundike, yeye ndiye mtundikaji. Ukisema atundikwe, yeye ndiye mtundikwa. Tofauti ni W. Ni herufi ndogo kwa umbo, Mheshimiwa, lakini ina kamba."

"Shahidi," Kamishna akamgeukia Nyange, "uliisikia W?"

Nyange akasimama, akashika kofia yake kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza Mikidadi akaona kuwa na yeye anatetemeka.

"Kusema kweli, Mheshimiwa, wakati ule nilikuwa na kashata mdomoni. Ilikuwa kashata ngumu. Nilisikia kitu kama W, lakini huenda ilikuwa nazi."

"Huenda?"

"Ama niliisikia, Mheshimiwa. Mnavyopenda."

Hapo Profesa akaomba jaribio la kitaalamu. Ikaletwa kashata. Nyange akatafuna, Mikidadi akaamriwa arudie sentensi yake mara kadhaa, mara kwa W, mara bila W, huku Profesa ameinamisha sikio. Mikidadi alipofika kwenye W midomo ikakataa kukutana. Akajaribu tena. Kamishna akamtia moyo, "Sema tu, ndugu yangu, hii ni sayansi," naye Mikidadi akijua wazi kwamba akiitamka vizuri amejitia kitanzi, na asipoitamka ameficha ushahidi.

Jaribio halikutoa jibu. Kashata zikaisha.

"Basi tulitazame jambo lenyewe," Kamishna akasema, na sauti yake ikazidi kubembeleza. "Kama ulisema atundikwe, hilo ni kosa la uhaini. Kama ulisema atundike, ulimtaka Mzee astaafu, na hilo ni kosa la kuchoka kabla ya wakati."

"Nilimsema kipa, Mheshimiwa. Zuberi Kolowa. Yeye naye tunamwita Mzee."

Profesa akaacha kuandika hewani kwa kidole.

"Ndugu Lugome," Kamishna akasema polepole, "unataka kuniambia kwamba nchi hii ina Wazee wawili?"

Mikidadi alikuwa amejichimbia shimo, na kila alipotafuta ngazi alikuta ameshika koleo.

"Hayo sasa ni makosa matatu," akasema Kamishna. "Lakini sisi si wanyama. Nenda kakae pale nje, uchague mwenyewe lipi liwe lako. Hapa tunaheshimu chaguo la mwananchi."

*

Alikaa kwenye benchi la ukumbini na kifurushi chake mapajani, akichagua. Alipochoka kuchagua alimfikiria Rukia. Hakujua kwamba ndani, Kamishna Sendaro ameshikwa na hofu kuliko yeye.

Mambo yaliyofuata Mikidadi hakuyaona, ila alikuja kuyasikia, kwa maana katika nchi ile kuta zina masikio na masikio yana midomo. Sheria iliagiza kwamba kila kosa linalomgusa Mzee lifikishwe kwa Mzee. Na ili lifikishwe, lazima mtu alitamke. Kamishna alijaribu mbele ya kioo. Kila alipofika kwenye neno "atundike", aliona kioo kinamtazama vibaya. Basi alipofika kwa Waziri alisema tu, "Mheshimiwa, yuko mwananchi ametaja daluga za Mzee."

Waziri wa Mpira alikuwa na watoto wanaosoma ng'ambo. Akamwambia Katibu Mkuu Kiongozi, "Wananchi wanaulizia daluga za Mzee."

Katibu Mkuu Kiongozi alikuwa ndiyo kwanza anajenga. Akaingia kwa Mzee, akapiga magoti, akasema, "Mzee, wananchi wanalia. Wanataka kukuona umevaa daluga."

Inasemekana uso wa Mzee ukapata rangi. Ilikuwa miaka mingi tangu aambiwe kwamba wananchi wanataka kitu.

"Wanataka nicheze namba ngapi?" akauliza.

Katibu hakuwa mtu wa mpira. Lakini alijua namba inayomfaa Mzee katika kila jambo.

"Namba moja, Mzee."

Na namba moja, kama hata wewe usiyependa mpira unavyojua, ni golikipa.

*

Redio ilitangaza saa sita mchana. Kwa kuitikia kilio cha wananchi, Mzee amekubali kusimama katika lango la taifa. Zuberi Kolowa amevuliwa jina la Mzee na kuanzia leo ataitwa Kijana, na kwa kuwa sasa ni kijana amehamishiwa Timu ya Vijana, jambo linaloonyesha jinsi Serikali inavyolea vipaji. Mashairi yakafuata.

Kamishna Sendaro alitoka mbio hadi kwenye benchi, akamshika Mikidadi mikono yote miwili.

"Ndugu Lugome, hongera. Wazo lako limepita."

"Wazo gani, Mheshimiwa?"

"Ulisema Mzee avae daluga."

Mikidadi akamtazama. Kamishna akamtazama Mikidadi. Jicho la Kamishna lilikuwa linaomba kama jicho la mbwa aliyeiba nyama.

"Ndiyo, Mheshimiwa," Mikidadi akasema. "Nilisema avae."

"Niliisikia mimi mwenyewe, V kabisa," akadakia Profesa.

Mikidadi akavuta pumzi, ya kwanza tangu jana. Akasimama, akashika kifurushi chake, akauliza kama anaweza kwenda nyumbani. Kamishna akacheka kwa furaha na kumwambia aende, lakini jambo halijaisha. Jumamosi Mzee atazinduliwa golini mbele ya taifa zima, na penalti ya uzinduzi itapigwa na mwananchi mwenye wazo.

"Mimi?"

"Wewe. Ila uwe mwangalifu kidogo." Kamishna akamsogelea sikioni. "Ukifunga, umempindua. Ukipaisha juu, umedharau lango lake. Ukimpigia mkononi, umemwonyesha mbele za watu kwamba hawezi mpira mgumu."

"Sasa nipige vipi, Mheshimiwa?"

"Piga kizalendo," akasema Kamishna.

*

Jumamosi uwanja ulifurika. Waliopenda mpira walikuja, na wasiopenda waliletwa. Mwanakombo alipewa kiti cha mbele kando ya Waziri, naye alikuja na kile kifurushi chenye sweta, akakipakata. Waziri alimwuliza ni zawadi ya nani. Mwanakombo akasema bado hajajua.

Mikidadi alivalishwa jezi iliyombana tumbo na daluga mpya zilizomuuma vidoleni. Siku zote tangu tangazo la redio alikuwa amepiga penalti kichwani, na kila alivyoipiga, mwisho wake ulikuwa mlango wa gari la vijana wenye adabu. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala, na Chembera, aliyekuja kumpa moyo, alikaa saa nzima, kisha akaaga kwa kumshika mkono kwa muda mrefu mno.

Mzee aliletwa golini kwa gari, akashushwa na watu wanne. Alivaa glavu nyeupe, soksi za kijani na daluga zenye nembo ya taifa. Kwa mbali, kama anavyoonekana kwenye picha zilizotundikwa kila duka, alikuwa mkubwa. Mikidadi aliposogea kuweka mpira kwenye alama akaona ni mwembamba kama mtu aliyetoka kuumwa, na magoti yake yanacheza. Nyuma ya goli alisimama Chilumba, kipa wa timu B, ameshika chupa ya maji.

Filimbi ikalia.

Mikidadi akaanza kukimbia, akakumbuka kuwa kukimbia sana ni uchokozi, akapunguza, akakumbuka kuwa kutembea ni dharau, akaongeza. Alipoufikia mpira alikuwa haelewi tena amekusudia nini. Aliugusa kwa ncha ya kidole gumba kinachouma. Mpira ukaenda polepole, ukadundadunda kwenye majani, ukimlenga Mzee moja kwa moja. Mzee akaanza kuinama. Aliinama kwa muda mrefu. Mikono ilipofika magotini mpira ulikuwa umeshapita katikati ya miguu, ukavuka mstari, ukatulia kwenye nyavu bila hata kuzitikisa.

Uwanja mzima ukaacha kupumua. Refa alimtazama Waziri. Waziri alifunga macho. Mikidadi aliona kila kitu kwa uwazi wa kutisha: Mwanakombo amesimama, kifurushi kimebanwa kifuani, vijana wawili wenye adabu wanafunga vifungo vya makoti.

"Amedakaaa!" ikalia sauti ya mtangazaji kwenye vipaza sauti, sauti ya mtu anayezama. "Mzee amedaka! Umedakwa, wananchi, umedakwa!"

Makofi yakaanguka kama mabati ya paa. Watu walikumbatiana, waliruka, walilia. Mpira ulikuwa nyavuni, kila mtu anauona, na kadiri walivyouona ndivyo walivyozidi kupiga makofi. Chilumba alikuwa karibu nao kuliko wote. Akatazama juu, akaanza kuyahesabu mawingu.

Itifaki ilimtaka mpigaji ampe kipa mkono. Mikidadi akaenda. Mzee akamshika kiganja kwa glavu zile nyeupe na hakumwachia. Alinukia dawa ya kuchua.

"Uliingia, siyo?" Mzee akasema, bila kusogeza midomo sana. Kelele zilikuwa nyingi, hakuna aliyeweza kusikia isipokuwa Mikidadi.

Mikidadi akazitazama zile glavu.

"Jicho langu moja limekufa. Kila ninayemwuliza ananiambia ninaona vizuri kuliko yeye. Wewe nasikia ndiye uliyesema yale maneno. Yameletwa kwangu yamepita midomo mingi, na mimi midomo yao ninaijua. Niambie wewe mwenyewe, mwanangu. Ulisema nini hasa?"

Mikidadi aliyatazama macho ya Mzee. Moja lilikuwa na ukungu mweupe. Jingine lilikuwa limemkazia, na lilikuwa na maji. Maneno yale yalikuwapo, mepesi, matano tu, na yule aliyetakiwa ayasikie alikuwa ameyaomba kwa mdomo wake. Labda ni kweli mzee wa watu amechoka. Labda ni mtego, na kwenye glavu kuna kinasa sauti. Mikidadi aligeuza shingo kidogo, akamwona Mwanakombo, akawaona wale vijana wawili, akamwona kwa mawazo Rukia pale uani na mpira wake wa makaratasi.

"Nilisema Mzee avae daluga," akajibu.

Mkono wa Mzee ukalegea.

"Ahaa," akasema. "Basi na wewe." Kisha akaongeza kama anayejisemea, "Nilidhani labda yupo mtu mmoja ameniona."

Akageuka, akaupungia uwanja mkono, na uwanja ukapasuka kwa shangwe.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, Mikidadi na mkewe, kwa sababu Mikidadi alikataa gari. Mwanakombo alikuwa akitembea karibu naye, amemshika mkono wa jezi kama anayehakikisha kuwa ni yeye.

"Alikwambia nini pale golini?" akauliza.

"Aliniuliza njia."

"Njia ya kwenda wapi?"

"Nadhani ya kwenda kwake."

"Ukamwonyesha?"

Mikidadi akasema daluga zinambana, akaketi kwenye ukingo wa mtaro, akazivua, akakaa pale muda mrefu kuliko inavyohitajika kuvua daluga. Kwa siku nzima aliogopa kufa, na sasa alipokwisha kupona ndipo aliposikia kitu ndani yake kimekufa.

Gari la matangazo likapita. Kipaza sauti kilisema kwamba Mzee, baada ya kuombwa ana kwa ana na mwananchi Mikidadi Lugome, amekubali kubaki langoni, na katika nafasi zake nyingine zote, kwa miaka mingine kumi. Kipa Chilumba, kwa kutambua mwono wake mzuri, amekwenda kwa mkopo.

Mwanakombo akaachia mkono wa jezi. Alitangulia mbele, na Mikidadi akamfuata peku, daluga mkononi.

Mtaani kwao watu walikuwa milangoni. Kwa kawaida Mikidadi akipita hakosi wa kumtania: mmoja atauliza kuhusu mabao saba, mwingine kuhusu mabomba yasiyotoa maji. Leo walisogea pembeni kumpisha. Chembera alikuwepo, akainamisha kichwa kana kwamba anatafuta sarafu chini. Kwenye kizingiti cha nyumba jirani na yake alikaa Bi. Chausiku, kikongwe aliyempokea Mikidadi mikononi siku alipozaliwa, aliyemwosha, akamchapa alipoiba maembe, akamzikia mama yake. Alipomwona anakaribia alishika ukuta, akajiinua kwa shida hadi akasimama wima.

"Shikamoo, baba," Bi. Chausiku akasema, macho yakiwa chini.

Mikidadi alitaka kumwambia, bibi, ni mimi. Alitaka kumshika mkono na kumrudisha kwenye kizingiti. Lakini watu walikuwa wanatazama, na hakujua ni nani kati yao hana timu.

"Marahaba," akaitikia, akaingia ndani.